Saa ya Bibi

Hojaji ya kimataifa ya IPAQ, inayouliza mtu alitumia nguvu siku ngapi kati ya 7 zilizopita, iliundwa kwa watu wa miaka 15 hadi 69. Ukifika 70, inaelekea, huna jasho tena. Kamwambie hivyo bibi wa Ganze, mtungi wa lita 20 kichwani.

“Bibi, wafanya mazoezi?”

“Mazoezi ya nini, mjukuu wangu, na kazi zote hizi?”

Karani akaandika: hafanyi.

Haya, avishwe saa ya kupima mwendo. Mkono umeshikilia mtungi, haupungi. Saa yadhani amepumzika. Jioni akikalia mbuzi kukuna nazi, saa yashangilia: bibi katembea! Jamani, kifaa mfungeni kiunoni, na uzito wa mtungi muulizeni mwenyewe.