Proforma Tatu za Tairi Moja

Kampuni inayoniajiri hununua kahawa. Makao yake makuu yako Ulaya, na huko wameamua kwamba hata faranga moja haitoki bila proforma tatu za wauzaji watatu wanaoshindana. Kanuni nzuri, inazuia wizi. Ila walioitunga hawajawahi kupata pancha Itaba, hapa Burundi.

Sisi tuliipata, gari limejaa sampuli za kahawa. Fundi wa matairi pale ni mmoja na pampu yake ni moja. Nilipomwomba bei za washindani wake alicheka mpaka akaketi juu ya tairi letu. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi tatu: ya kwanza kwa jina lake, ya pili kwa jina la mkewe, ya tatu kwa jina la mama mkwe wake, muuza maparachichi.

"Shefu, ushindani ndio huu."

Nilizituma Ulaya na maelezo ya kweli, kwamba washindani wote wanakula chungu kimoja. Maelezo hayakusomwa. Walichotaka ni jina la mtaa na nambari ya posta ya kila mmoja. Tukaandika "nyuma ya soko". Mfumo ukachagua bei ya chini: mama mkwe.

Tangu hapo mama huyo ni mtoa huduma za magari aliyeidhinishwa. Kupitia simu yangu hutakiwa kuapa kwamba hatumikishi watoto, na kusoma somo la usalama wa nywila. Aliniuliza kama kusoma huko kuna posho.

Posho! Mimi mwenyewe yangu ya safari ya Muyinga imekwama. Mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, Muyinga ikaingia Buhumuza. Nikiandika Buhumuza, mfumo unasema hakuna mahali kama hapo. Nikiandika Muyinga, mhasibu wetu wa Gitega anasema mkoa huo ulishafutwa. Kuhusu risiti za esansi sisemi kitu. Aliyewahi kulala kwenye foleni anajua kwamba pampu ikifunguliwa, humwambii mtu akuandikie nakala mbili.

Juzi tairi jingine likatoboka palepale. Fundi alikuwepo, jeki mkononi, gundi tayari. Hakuligusa.

"Shefu, mimi zabuni nilishindwa. Mwenye kazi ni mama mkwe, na leo kapeleka maparachichi Gitega."