Namna ya Kubishana na Marehemu

Rafiki yako amefariki. Kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja limeshajaa emoji za mishumaa, na kwa kuwa wewe ndiye unayejua kuandika, wasifu wa marehemu umeangukia kwako. Kabla hujashika kalamu, weka kando maneno matatu: mcheshi, mchapakazi, mpenda watu. Marehemu wote wa nchi hii walikuwa wacheshi, wachapakazi na wapenda watu. Ukiyasoma hayo chini ya turubai, jirani aliyefuata ubwabwa hatajua anazikwa huyu au yule wa wiki iliyopita. Rafiki yako alikuwa mbishi. Andika kwamba alikuwa mbishi, kisha eleza alikuwa anabishia nini.

Wangu alifariki mwanzoni mwa 2021. Alizaliwa Ukerewe, akafundisha Kiswahili maisha yake yote ya kazi, na hakuwahi kukubaliana nami jambo kabla ya kikombe cha pili cha chai. Nitamtumia yeye kama mfano.

Anza na vitabu. Nenda nyumbani kwake baada ya arobaini, watu wakishapungua, uombe kuiona rafu yake. Vile vitabu vyako alivyokaa navyo miaka viache hapo hapo, vimeshakuwa vyake. Tafuta vile alivyoviandika pembeni. Kwenye rafu ya wangu nilikuta *Kichomi*, diwani ya Euphrase Kezilahabi ya 1974, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi. Kando ya shairi moja, kwa wino wa bluu, ameandika: “Vina viko wapi?” Alama ya kuuliza imekandamizwa hadi ikatoboa ukurasa. Chini yake, kwa penseli, mwandiko umeshalegea wa mtu mzima: “Sasa nasikia.” Hapo kuna miaka thelathini ya mtu akibadili mawazo. Hakuna wasifu utakaokueleza hivyo. Diwani ile iligawa watu kweli; wako walioona kwamba shairi lisilo na vina na mizani si shairi, na rafiki yangu alikuwa wa upande huo, tena mstari wa mbele.

Kezilahabi alipofariki Januari 2020, rambirambi zilimiminika kana kwamba hakuna aliyewahi kugombana naye. Rafiki yangu alikasirika. *Rosa Mistika*, riwaya ya 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na sasa kila mtu anasema alikipenda kitabu tangu siku ya kwanza? “Wanamzika pamoja na ugomvi wake,” alisema. Kauli hiyo ndiyo kanuni yangu ya kwanza: ugomvi ubaki juu ya ardhi.

Filamu zina ugumu wake, maana zinatoka akiwa hayupo. Rafiki yangu aliapa kwamba *Vuta N’kuvute*, riwaya ya Adam Shafi, haiwezi kugeuzwa sinema, kwa sababu uhai wa ile Unguja ya miaka ya hamsini umo kwenye mazungumzo. Mwongozaji Amil Shivji akaigeuza, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, miezi michache tu baada ya mazishi. Katika hali kama hii, itazame mara mbili: mara moja kwa macho yako, ya pili kwa yake. Kwa macho yake niliona mazungumzo yamepungua, na kimya na rangi vimepewa kazi yake. Hapo ameshinda. Lakini kwa Yasmini, binti anayeikimbia ndoa aliyolazimishwa, naamini ameshindwa: uso peke yake unabeba mengi ambayo kitabu kinayasimulia kwa kurasa nzima. Mpe marehemu bao lake, nawe uchukue lako.

Sasa habari za dunia, na hapa kuwa mwangalifu sana. Ukifika uchaguzi, bei ya mafuta ikipanda, vita vikizuka, utasikia watu wakisema, “Angekuwepo fulani, angesema…” Na fulani daima husema kile kile anachosema mzungumzaji. Marehemu wana hasara hiyo, kila mtu anapiga kura kwa niaba yao. Kwa hiyo ukimtaja rafiki yako kwenye baraza, mtaje akikupinga. Kama huna la kumtaja akikupinga, nyamaza, hukumjua vya kutosha.

Ngũgĩ wa Thiong’o alipofariki Mei 2025 nilimtaja rafiki yangu hivyo. Watu walikuwa wakimsifu Ngũgĩ kwa kuachana na Kiingereza na kuandika riwaya kwa Kigikuyu, nami nilikuwa miongoni mwao, kwa moyo wote. Mtu aliyeandika *Caitaani Mũtharaba-inĩ* kwenye karatasi za msalani katika gereza la Kamiti anastahili. Ndipo nikawapa hoja ya rafiki yangu, ambayo alinipiga nayo mara nyingi. Kezilahabi naye alikuwa mtoto wa Ukerewe. Lugha ya mama yake ilikuwa Kikerewe, na riwaya zake zote ziko kwa Kiswahili. Mbona huyu hatumuulizi?

Nilikuwa namjibu kwamba Kiswahili ni chetu, hakikuja na gavana. Ngũgĩ ameeleza jinsi watoto wa shule za kikoloni walivyovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kigikuyu. Kiswahili, nilimwambia, hakikumvisha mtu kibao. Akaweka kikombe chini. Akaniambia kwamba shuleni kwao, nchi ikiwa huru tayari, kibao kilikuwepo, kilitundikwa kwa kamba ya katani, na alikivaa yeye kwa sababu alimwita mdogo wake kwa Kikerewe.

Jibu langu kwa hilo bado sijalipata, na nimelitafuta kwelikweli. Barazani walinyamaza, kisha mmoja akasema hata kwao kilikuwepo.