Simba Mwenye Umeme

“Mama, huyu simba amechomekwa kwenye umeme?”

Aliyeuliza ni mtoto wa kike mwenye sare ya shule na andazi mkononi, na aliuliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye maegesho ya hoteli. Ni juzi tu. Mama yake akamvuta mkono, akainua macho ukutani, akashindwa kujizuia. Mlinzi naye akacheka. Mzungu mmoja asiyejua Kiswahili hata cha salamu akageuka kuona kinachochekwa, akakiona, akatabasamu kwa adabu. Mimi nilikuwa kwenye kochi chini ya picha hiyohiyo, namsubiri meneja anilipe nusu iliyobaki ya bei yake.

Mtoto hakumsingizia simba. Yule jike niliyempiga picha Seronera, Serengeti, aliyelala juu ya jabali jua likichomoza, sasa alikuwa na upana wa mita moja na nusu na alikuwa anawaka. Mstari mweupe ulianzia sikio la kushoto, ukateremka shavuni, ukamzunguka kidevu. Sharubu zilimeta. Nyasi za nyuma, ambazo nilizilainisha kwa saa nzima ili zisimsumbue mtu, zilikuwa zimesimama zote, kila unyasi na kivuli chake.

“Imetoka kali, eti?” meneja akasema alipofika. “Kijana wa mabango kaikoleza kidogo.”

Kaikoleza! Hapa naomba niwacheleweshe, maana watu wanadhani kunoa picha ni kubonyeza kitufe.

Kwanza, kamera haioni rangi kama tunavyodhani. Kila kijisehemu cha sensa yake kimefunikwa kichujio cha rangi moja tu, nyekundu, bluu au kijani, na vya kijani ni mara mbili ya vya nyekundu au vya bluu. Mpangilio huo ni wa Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak, aliyepewa hataza mwaka 1976, na kamera nyingi mpaka leo zinautumia. Kwa hiyo kila pikseli inajua rangi moja na mbili zilizobaki inawauliza majirani. Ni umbeya uliopangwa vizuri sana kimahesabu. Lakini mahali ambapo unywele mmoja wa simba umepita, majirani hawakubaliani, na kamera inatoa jibu la wastani. Ndiyo maana picha ikitoka mbichi huwa laini, hata lenzi iwe ya bei ya shamba. Asiyenoa picha zake, kamera imemnolea kimyakimya.

Pili, na hili ndilo linalonikosesha usingizi kwa raha, kunoa hakuongezi unywele hata mmoja kwenye picha. Programu inatengeneza nakala, inaitia ukungu, halafu inailinganisha na picha yenyewe. Zinapopishana sana ndipo penye ukingo: ukope na jicho, sharubu na kivuli cha shavu. Hapo upande wa giza unaongezwa giza na upande wa mwanga unaongezwa mwanga. Basi, kazi imekwisha. Jicho la mtu likipita hapo linaamini limeona unywele. Mafundi wa enzi za filamu walifanya hivyohivyo chumba cha giza, bila kompyuta: walichapa nakala hafifu yenye ukungu, wakaibandika sambamba na negativu, wakapitisha mwanga kwenye zote mbili.

Kuna virekebishi vitatu. Cha kiasi kila mtu anakipenda. Cha kizingiti kinaiambia programu iache tofauti ndogondogo, isije ikanoa na chenga za mwanga hafifu wa alfajiri. Mchawi ni cha tatu, cha upana. Ukikiweka chini ya pikseli moja, manyoya yanatoka moja moja mpaka unataka kuyashika. Ukikipeleka nne, tano, ule mwanga ulioongezwa ukingoni unaanza kuonekana wenyewe, na mtoto wa shule anauliza habari za umeme.

Mimi upana wangu ulikuwa chini ya moja. Tena sikunoa simba mzima, nilinoa macho, pua na mizizi ya sharubu. Mboni ya jicho la simba ni duara, si mfereji wa kusimama kama ya paka wa nyumbani, na katika jicho la kushoto la yule jike, ukisogea karibu, lilikuwamo gari letu: paa limeinuliwa, vichwa vitatu vimechomoza, na juu ya ukingo wa paa ule mfuko wa mchele wa kuegemezea lenzi. Vyote hivyo ndani ya jicho. Meneja alipoiona mara ya kwanza aliomba nimfutie “hicho kidoa”.

Na mizizi ya sharubu si pambo. Kila simba ana vidoa vyeusi pale zinapootea, na mpangilio wake, hasa wa mstari wa juu, hautofautiani na kitambulisho cha mtu: hakuna wawili wanaolingana, na haubadiliki akizeeka. Watafiti wa Serengeti, ambako utafiti wa simba alioanzisha George Schaller mwaka 1966 uliendelea kwa miongo mingi baada yake, wamewatambua simba wao kwa vidoa hivyo, mmoja mmoja. Kwa hiyo ukiondoa chenga kwa pupa, unafuta na vidoa, na unabaki na simba asiye na kitambulisho. Nilivilinda kimoja kimoja.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Faili kubwa nililipeleka kwa mkono wangu kwenye flashi. Meneja akaiweka flashi kwenye droo, inamo mpaka leo, halafu akamtumia kijana wa mabango ile picha ndogo niliyomrushia kwenye simu aione tu, ambayo nilikuwa nimeinoa kwa ajili ya kioo cha simu. Simu nayo ikaibana ili isimalize bando. Kijana akaivuta mpaka mita moja na nusu, akaona imelegea, akainoa upya, na kwa kuwa alikuwa anainoa ile iliyokwisha kunolewa na kubanwa, akanoa na makovu ya kubanwa. Mashine yake ya kuchapa ikainoa tena, maana imewekwa hivyo kwa ajili ya mabango ya saruji. Kila aliyepita jikoni alitia chumvi. Gari letu ndani ya jicho limekuwa miraba minne.

Nusu iliyobaki sikulipwa. Meneja anasema picha “imeleta malalamiko”.

Wala si simba peke yake. Chui wa pale kaunta ya baa, kazi ya kijana yuleyule, ametokea mabaka yenye vidoa katikati, yaani sasa ni jagwa wa Amerika Kusini. Duma wa bwawani machozi yake meusi yamefika shingoni.

Lakini hizo ni kuta. Kinachoniuma ni kingine. Picha kali ya paka mkubwa hainolewi kwenye kompyuta, inanolewa garini, na anayeinoa ni dereva kama mimi. Ni dereva anayejua saa tano asubuhi mazigazi yameshapanda kutoka ardhini, na kwamba kuanzia hapo hakuna lenzi wala programu itakayomwokoa mtu. Ni yeye anayezima injini ili gari lisitikisike, anayewaomba watu wazima wanne wasijigeuze kitini, anayesimama upande ambao jua litaingia machoni mwa mnyama bila kutoka barabarani akatozwa faini. Kisha picha ni ya mgeni, mnyama ni wa taifa, na dereva ni wa kurudisha gari likiwa limeoshwa. Mwenye hoteli akiitaka ya mzungu ananunua, akiitaka ya dereva anaomba, na akijitahidi sana anakuahidi utajulikana. Nimejulikana. Mlinzi wa pale ananiita Tanesco.

Wiki hii ameniandikia mgeni mmoja wa msimu uliopita. Chui wake amependeza, anaenda kwenye kitabu, anauliza ule mti tuliomkuta unaitwaje, aweke chini ya picha. Mkia wa chui yule niliuona mimi, kutoka mbali, ukining'inia katikati ya matunda, yeye akitafuta chaja. Nimemjibu kwamba ni mwegea. Chini ya jibu nimeweka jina langu kwa herufi kubwa, na namba ya akaunti.