Gogo Lisilo na Gome

Hapa Lupingu ukipita na kuni begani, jiandae kwa usaili. Hakuna askari wa misitu anayekuuliza. Ni kila aliyekaa barazani. "Mwalimu, shikamoo. Hizo kuni za mti gani?" Ukijibu kwamba umeziokota ufukweni, umekwisha. Kuni za ziwani hazina gome wala jani, na huku mwambao wa Nyasa kila mtu amejiteua kuwa bwana miti.

Mimi ni mtu wa juu, upande wa Makambako. Kule kuni hazina mafumbo. Kipande chenye utomvu wa kunata, kinachojaza sufuria masizi, huo ni msindano. Kinachonukia dawa ya mafua, mlingoti. Kizito, chekundu-chekundu, kinachowaka mpaka unasogeza kigoda nyuma, ni muwati, mti wa Australia uliopandwa Njombe kwa ajili ya gome lake la kutengenezea ngozi. Kampuni ya TANWAT iko nao tangu 1949. Miti mitatu, basi, na mtoto wa darasa la pili anaitaja akiwa amefumba macho. Ukishuka kutoka Ludewa kwa zile kona, elimu hiyo yote unaiacha mlimani.

Huku chini, mvua ikinyesha kwenye milima ya Livingstone, vijito vinashuka na matawi, mizizi, hata mashina mazima. Upepo wa kusini nao ukianza kuvuma, mawimbi yanatupa mchangani vitu visivyojulikana vimetoka wapi. Juzi nikakuta gogo refu kuliko mimi, jeupe kama mfupa, limelainishwa na mchanga kiasi kwamba hata siafu wangeteleza. Nikaliburuta hadi nyumbani. Kamati ikakutana bila kuitwa.

Mzee jirani akalikwaruza kwa ukucha. "Mninga huu." Nikamwambia, mzee wangu, mninga ukiukata unatoa utomvu mwekundu, utadhani umechinja, hapa damu iko wapi? Akanitazama kwa huruma. "Imeoshwa na maji, mwalimu." Kijana wa mitumbwi akalinusa: mwembe. Bibi mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya usipa akaligonga kwa fimbo, akatega sikio, akasema, "Hili la ng'ambo," kisha akaenda zake.

Ng'ambo ipi, bibi? Malawi au Msumbiji? Maana hapo umegusa jambo zito. Mjerumani na Mwingereza waliandikiana mkataba mwaka 1890, na mpaka leo Malawi inausoma kwamba maji ni yake hadi ufukweni kwetu, sisi tunasema mpaka uko katikati ya ziwa. Kwa hesabu ya wenzetu, gogo langu lilikuwa raia wa Malawi mpaka dakika lilipogusa mchanga wa Lupingu. Wakubwa wamekaa vikao miaka na miaka, hawajaelewana. Mimi nataka kuivisha maharage.

Nisionekane mkorofi: kujua mti kuna maana yake. Minyaa ya kwenye ua, ukiikata hovyo maziwa yake yakakuingia jichoni, utalala ukilia. Mbuyu utauwashia kiberiti mpaka kiishe, ndani ni maji na nyuzi. Wanaobanika samaki nao hawataki mti wenye utomvu, mboga isije ikanuka rangi ya mlango. Angalau Nyasa ni maji baridi. Wenzetu wa Kilwa na Bagamoyo kuni zao za pwani zimelowa chumvi.

Kuna namna ya kitaalamu pia. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, wanaosomea misitu wanajua kukata mti kwa wembe, wakaangalia mkato wake kwa lenzi: mninga una vitundu vya kupitishia maji, msindano hauna. Safi sana. Ila mpaka nifike Morogoro na kipande changu mkobani, maharage yatakuwa yameota.

Mama watoto alichotaka kujua ni kimoja tu: linaivisha? Nikachukua shoka. Pigo la kwanza likadunda. La pili likanasa, ikabidi watu wawili wanisaidie kulichomoa. Ndani nyuzi zimesokotana, rangi ya kahawia, katikati pana tundu na chungu wamehamia na familia zao. Jikoni, ncha moja iliwaka, ncha nyingine ikatoa povu na kuzomea. Moshi ukatufukuza wote nje. "Nilisema mwembe," akasema kijana. "Mninga mbichi ndivyo ulivyo," akasema mzee. Wote wawili wakaondoka washindi.

Najua mtaniambia gesi. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi. Naunga mkono kwa mikono miwili na macho yangu mekundu. Lakini mtungi ukiisha huku, kuujaza ni safari, na safari ni nauli, na nauli ndiyo ingenunua maharage.

Kwa hiyo natangaza: nusu ya gogo bado iko nyuma ya jiko langu. Mwenye jina lake alilete, nitaliandika kwa chaki ubavuni. Ila aje na shoka lake, langu limeshapata pengo.