Jinsi ya Kuharibu Boxer Iliyokuwa Nzima

Anza kwa kutafuta pikipiki isiyo na tatizo lolote. Wengi hulisahau sharti hili. Pikipiki mbovu itakupotezea muda kwenye matengenezo ya maana, kama ringi za pistoni na beringi za magurudumu, na ukimaliza hayo utakuta akili zimekurudia. Unayoitaka ni Boxer ya miaka tisa hivi, iliyobeba abiria, magunia ya mahindi, kitanda cha futi tano kwa sita na mbuzi wasio na idadi kati ya Isebania na Kehancha, na bado asubuhi ya baridi inawaka kwa kiki moja. Yangu niliinunua kwa mpwa wangu, aliyeacha boda boda akafungua kibanda cha simu. "Mjomba," aliniambia akinikabidhi ufunguo, "hii usiiguse. Badilisha oili tu."

Nilimshukuru, nikaipeleka moja kwa moja kwa fundi aigeuze skrambla.

Kabla hujawasha grainda, tuelewane. Skrambla ni pikipiki ya lami iliyovuliwa sare ya kazi ikavishwa tairi zenye meno, ili mwenyewe aende nayo matopeni siku ya mapumziko, tena kwa hiari yake. Hapo kwenye hiari ndipo penye mambo. Waingereza ndio walioanza: Machi 1924, huko Camberley, kusini mwa Uingereza, watu wazima wenye kazi zao walikusanyika kushindana kupanda vilima na kupita kwenye tope, mashindano yakapewa jina lenye maana ya kinyang'anyiro, na jina likaganda. Mwaka 1963 filamu ya The Great Escape ikaja kumaliza kazi. Humo Steve McQueen anawatoroka Wajerumani kwa pikipiki na kuruka ua wa seng'enge. Sasa sikia: pikipiki ile ya "Wajerumani" ilikuwa Triumph ya Kiingereza iliyobadilishwa sura, na aliyeruka ua hakuwa McQueen bali rafiki yake, Bud Ekins. Kwa hiyo usione haya. Mchezo huu tangu zamani ni wa kujifanya.

Shida ni kuueleza hapa kwetu. Isebania imekaa mlangoni mwa Kenya. Ukivuka kizuizi uko Sirari, Tanzania, Wakuria wako huku na wako kule, na mama muuza ndizi anakurudishia chenji kwa pesa ya nchi anayoipenda siku hiyo. Neno boda boda lenyewe ni la mpakani, lilizaliwa Busia enzi za baiskeli. Kisha karibu mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaziondolea ushuru wa VAT pikipiki zisizozidi cc 250, na baiskeli zikaachwa zibebe maji. Tangu hapo kila Boxer na kila TVS ya hapa ni skrambla ya kulazimishwa. Imeongezwa shokabu za pili nyuma, imechomelewa vyuma vya kukinga injini, imeinuliwa hapa, imekazwa pale. Wako vijana wanaopita usiku wa manane kwenye njia za panya, taa zimezimwa, gunia tatu za sukari nyuma, kijia chenyewe upana wa ng'ombe mmoja. Hakuna aliyewaambia kwamba huo ni mchezo wa wikendi.

Haya, kazi. Kitu cha kwanza kuondoka ni kerieri. Skrambla haina kerieri. Katika picha zote nyuma ya kiti hakuna kitu ila upepo. Ya kwangu haikuwa ile nyepesi ya kiwandani. Ilikuwa imeimarishwa kwa nondo na mpwa wangu, ikapigwa rangi nyeusi mara tatu, na pembeni ilikuwa na kulabu nne za kufungia mipira. Fundi wangu ni mzee wa makamo, karakana yake iko chini ya mwembe. Aliizunguka pikipiki mara mbili kama mnunuzi wa fahali.

"Mura, kerieri imefanya nini?"

"Ni mtindo tu, mzee."

"Imepasuka?"

"Haijapasuka."

"Imeoza?"

"Haijaoza."

Akavaa miwani yake, akawasha grainda. Shilingi 300. Cheche zilipotulia aliiokota kerieri kwa mikono miwili, akaipeleka nyuma ya kibanda bila kuniuliza kama naitaka.

Baada ya hapo ni kiti. Kiti cha Boxer ni kirefu, kinakaa wawili kisheria na wanne kwa mazoea. Mpelekee fundi wa makochi, mwambie akifupishe, apunguze sponji mpaka uhisi chuma, kisha akivike ngozi bandia ya rangi ya kahawia. Rangi nyingine haikubaliki. Sijui ni nani aliyetunga sheria hii. Jioni mke wangu alikitazama kile kiti, akanitazama mimi, akauliza yeye atakaa wapi. Swali hilo mwongozo huu hauna jibu lake.

Tairi sasa, na hapa niwe mkweli kidogo, maana tairi ndiyo skrambla yote. Mengine ni mapambo. Tafuta zenye meno makubwa yaliyoachana, ili tope lipate pa kutokea gurudumu linapozunguka. Tairi ya lami hujaa tope dakika moja ikawa kama chapati. Lakini ukizifunga zile za meno, barabara ya lami kutoka Isebania hadi Migori, kilomita 20 na ushee, utaisikia kwenye magego, na meno yenyewe yatalika kama sabuni. Ukifika kwenye vumbi punguza upepo ili tairi ishike ardhi, ila usizidishe. Tairi zetu ni za tyubu. Upepo ukiwa mdogo mno tairi huteleza juu ya rimu, inaivuta tyubu, na tyubu inang'oka sindano. Hiyo si pancha ya kuziba. Hiyo ni safari ya kusukuma.

Sproketi ya mbele ipunguze jino moja. Hilo moja linakaribia kuwa sawa na kuongeza matatu kwenye ile ya nyuma, tena ni rahisi zaidi. Pikipiki itapanda mlima kama beberu. Kwenye lami nako injini italia mapema, nawe utapitwa na Probox yenye abiria tisa, wote wakikuangalia kwa huruma.

Kisha utajaribiwa kuondoa sanduku la chujio la hewa na kuweka kile kichujio kidogo cha mviringo kinachong'aa. Kinapendeza kweli. Nilikiweka. Injini ikaanza kukohoa kila nilipoongeza moto, na fundi alipofungua plagi akanionyesha ncha yake: nyeupe kama chaki. Hewa imezidi, petroli haitoshi, injini inachemka bure. Dawa yake ni jeti kubwa zaidi kwenye kabureta. Au kurudisha sanduku la chujio, ambalo wahandisi wa India walilipima wakalifunga pale bila kunitarajia mimi. Nililirudisha.

Ekzosi hupandishwa juu, ipite kando ya kiti, ili ukivuka mto isinywe maji. Anayepanda boda boda katika nchi hii anaijua ile alama ya kuungua kwenye shavu la mguu wa kulia, kumbukumbu ya siku aliyoshuka vibaya. Skrambla huipandisha alama hiyo hadi pajani. Wapo pia wanaoitoboa ekzosi ili ingurume. Ngurumo hizo hazina nguvu farasi hata moja ndani yake, ila mbwa wote wa kijiji watakujua.

Taa za pembeni, vioo, madigadi ya mbele: picha zinasema toa vyote. Askari wa trafiki anasema vinginevyo, na yeye ndiye aliye barabarani. Rangi nayo imeandikwa kwenye logbuku. Ukiipaka tangi kijani cha jeshi wakati karatasi inasema nyekundu, andaa maelezo. Kofia ngumu na jaketi la kung'aa vinakuhusu hata ukiwa mtu wa mapumziko. Madigadi usiitoe kabisa, ipandishe juu. Ikikaa karibu na tairi, udongo mweusi wa mfinyanzi huingia katikati, unakauka, na gurudumu linasimama kama limefungwa breki. Yangu ilipandishwa Alhamisi kwa vipande viwili vya bati na bolti za kitanda.

Jumamosi nikatoka. Nilikuwa nimechagua Thimlich Ohinga, yale maboma ya mawe yaliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2018. Unapita Migori mjini, unaacha lami, unaelekea Masara, halafu Macalder ambako watu bado wanachimba dhahabu, na kuendelea. Usiku mvua ilikuwa imenyesha upande huo wa Nyatike. Saa tano asubuhi bolti moja ya kitanda ilikuwa imekwisha toka, madigadi ikaning'inia ikipiga tairi kama ngoma, na mita chache mbele nikazama hadi ekseli. Tope lililokuwa zamani likizuiwa na madigadi ya nyuma, ile niliyoikata kwa sababu za urembo, lilinipanda mgongoni hadi kisogoni.

Nyuma yangu ikaja Boxer. Mbele ya dereva debe la samaki, nyuma mama mwenye mtoto, kisha godoro limekunjwa na kufungwa kwa mpira juu ya kerieri. Tairi zake karibu vipara. Ilipita pembeni yangu polepole, miguu ya dereva ikigusa ardhi huku na huku kama bata, ikafika pakavu ikasimama. Kijana akarudi kwa miguu, akashika pikipiki yangu nyuma, akakosa pa kushika, akashika tairi. Tuliitoa. Akaifuta mikono kwa majani, akaitazama sehemu iliyokuwa tupu nyuma ya kiti.

"Pole, mzee. Kerieri walikuibia wapi?"

Nilimwambia Isebania. Ilikuwa kweli kiasi.

Thimlich nilifika. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, mahali pengine zinamzidi mtu mrefu kimo, na wataalamu wanakisia zilijengwa karne ya 16 au karibu na hapo. Hazijalegea. Nilikaa kwenye kivuli chake nikifunga madigadi ya juzi kwa kamba ya kiatu.

Jumatatu nilikuwa chini ya mwembe. Kulikuwa na gunia mbili za mbolea za kupeleka shambani, na gunia la mbolea halikai juu ya upepo. Mzee hakusema kitu. Aliingia nyuma ya kibanda akatoka na kerieri, imepanguswa vumbi, kulabu zote nne zipo. Kuirudisha ni shilingi 1,200, kwa sababu kuchomelea ni kazi na kukata ni mchezo, alisema. Mpwa wangu alikuwa amepita pale asubuhi kuangalia kama imeuzwa.

Tairi za meno nimebaki nazo, ni nzuri wakati wa mvua. Kiti kirefu nimekipata cha mtumba. Kile kifupi cha kahawia kinauzwa, kiko kwa fundi, hakijachanika. Kinamtosha mtu mmoja.