Nyumba ya Wageni Isiyo na Mwenyeji

    Shangazi, na wote hapo barazani, juzi usiku nimepokelewa ugenini na sanduku.

Kazini wamenituma kozi katika mji wa Trier, magharibi kabisa mwa Ujerumani, jirani na mpaka wa Luxembourg. Wakanipangia hoteli ya hadhi ya mshahara wangu, nyuma kidogo ya lango la Warumi wa kale liitwalo Porta Nigra. Treni ilichelewa. Msishangae, na huku huchelewa. Ila huku wanakuomba radhi kwa kipaza sauti, kisha wanaendelea kuchelewa. Nikafika usiku mnene, baridi ya Novemba inaingia mpaka kwenye fizi. Nikapiga hodi. Nikapiga tena, safari hii kwa ile sauti ya kwetu ambayo mwenyeji akiisikia anajua mgeni hajala. Kimya. Si mlinzi, si dada wa mapokezi, si paka. Kwenye kibaraza cha kioo nikaona sanduku la chuma limesimama, kimo changu, uso wake unawaka. Nilibakiza kidogo niliamkie.

Nyinyi mnazijua gesti zetu za karibu na stendi. Unaingia, unamkuta dada kasinzia juu ya lile daftari kubwa. Anakuuliza jina, kabila, utokako, uendako na kazi yako, halafu anamalizia na maswali ambayo hayamo daftarini: mbona umekuja peke yako, na huyo wa Korogwe mwenye jina kama lako ni ndugu yako? Unapewa ndala zisizofanana, kipande cha sabuni, na onyo kwamba maji ya moto yanaagizwa mapema. Nilikuwa nikilalamika sana juu ya umbea wa daftari lile. Shangazi, nililikumbuka lile daftari nikiwa mbele ya sanduku nusura machozi yanitoke, ila kwa baridi ile yasingefika shavuni.

Sanduku likaniuliza lugha. Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa, Kiholanzi. Nikachagua Kiingereza. Likataka namba ya oda, mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao ndani yake sifuri na O ni mapacha wasiotofautishwa hata na mama yao. Tukavuka hapo. Likaniuliza uraia. Hapa niwape elimu kidogo: tangu Januari 2025 sheria ya Ujerumani haimlazimishi tena Mjerumani kujaza fomu ya kuandikishwa hotelini, ila mgeni wa nje bado anajaza. Kabla sijaanza kuligusa alitokea bwana mmoja wa hapa, akagusa mara mbili tatu, akapewa kadi, akapanda zake kulala. Mimi nilipogusa Tanzania, sanduku likachangamka. Namba ya pasipoti. Tarehe ya kuzaliwa. Anuani. Tarehe ya kuondoka, nikahisi hili ndilo linalolipendeza zaidi. Mwisho likataka nitie sahihi kwa kidole juu ya kioo. Kidole chenyewe kimeganda. Nilichoandika ni mende aliyetoka kwenye wino, na sanduku likaandika: asante, sahihi yako imepokelewa. Kadi ikatemwa, mlango ukafunguka. Likanitakia usiku mwema kwa maandishi.

Chumba ni kisafi, hilo nisimdhulumu mtu. Kitanda ni cha watu wawili lakini mablanketi ya manyoya ni mawili, kila moja limekunjwa upande wake, na ndivyo walivyo hata mke na mume: kila mtu na blanketi lake. Shangazi, wewe na mjomba mngetoa ushuhuda kwamba nusu ya ndoa ni kunyang'anyana shuka alfajiri.

Ila kilichoninyima usingizi ni dirisha.

Dirisha kwetu ni nini? Ni tundu la upepo, nondo za mwizi na wavu wa mbu. Unafungua au unafunga. Dirisha la Kijerumani lina kishikio kimoja na tabia tatu. Kishikio kikitazama chini, limefungwa. Ukikilaza, dirisha zima linakuja ndani kama mlango. Ukikisimamisha kikatazama juu, mambo yanabadilika: dirisha linaachia kwa juu na kukulalia, limeshikwa na bawaba za chini tu. Mtu ambaye hajaonywa anadhani nyumba inabomoka. Na kuna hali ya nne isiyotajwa popote: ukikizungusha kishikio wakati dirisha halijakaa sawa kwenye fremu, linajiachia pande zote mbili kwa mpigo, linabaki limening'inia kwa kona moja. Nilikuwa ghorofa ya tatu, usiku, nimelikumbatia dirisha zito la vioo viwili, nahesabu litanigharimu mishahara mingapi. Namba ya dharura ipo ukutani, lakini simu ipo kitandani, na mikono yangu yote miwili ina mgeni. Tulikaa hivyo, mimi na dirisha, tukaufahamu mji kwa pamoja. Hatimaye nililisukuma kwa bega, likajibu "tak", likarudi mahali pake bila kinyongo. Wajerumani wakitengeneza kitu, hakivunjiki; kinakuvunja wewe.

Mtauliza, kwani nilikuwa nafungua dirisha la nini kwenye baridi hiyo? Si mimi, ni tangazo. Limebandikwa kando ya kipasha joto: asubuhi na jioni, mgeni azime joto, afungue dirisha wazi kabisa kwa dakika tano, kisha afunge na kuwasha tena. Sababu ni unyevu. Nyumba zao zimezibwa vizuri mno, pumzi ya mtu haina pa kutokea, basi ukuta unaota kuvu. Kwa hiyo unalipia joto, halafu kila siku unalifungulia lende zake. Na wanaifuata kanuni hiyo kwa imani. Asubuhi nilitazama nyumba za ng'ambo: madirisha wazi, watu wamesimama ndani ya makoti wakisubiri dakika zao zitimie.

Dirisha hilohilo ndilo lililonionyesha lango. Jamani, Warumi walikuwa na mawe. Porta Nigra lina urefu wa karibu mita 30 kwenda juu, limepangwa mawe makubwa ya mchanga, mengine ya tani sita, bila tone la saruji. Yameshikamana kwa uzito wake na kwa vipande vya chuma vilivyomiminiwa risasi. Wataalamu wamepima miti ya msingini wakaona lilianza kujengwa mwaka 170. Mwanzoni lilikuwa na rangi ya kijivu kilichopauka. Moshi na hali ya hewa ndivyo vilivyolifanya jeusi. Mimi nilikuja huku mweusi, sasa napauka. Tumekutana njiani.

Sasa mjomba, sogea hapa. Ile nyumba yako ya Kange hapo Tanga, iliyosimama kwenye linta tangu muhula wa kwanza wa Kikwete, ambayo shangazi anakusimanga kila sikukuu: lango hili halijamalizwa. Nakuapia. Upande wa nje mawe yamebaki na manundu, hayakuchongwa, na kwa sababu ya manundu hayo milango yenyewe isingeweza kufungwa. Warumi wakaondoka zao. Si lango peke yake. Upande wa pili wa mji kuna magofu ya bafu la wafalme, Kaiserthermen, nalo halikuwahi kukamilika kama bafu. Leo vyote viwili ni urithi wa dunia, UNESCO walivitambua mwaka 1986, na watu wanatoa kiingilio. Usipige plasta. Subiri.

Na vijana wa vyuma chakavu hawakuanza Tanga. Ukisogea karibu unaona mawe yametobolewa matundu kila mahali. Katika zama za kati watu walikuja na patasi, wakachimbua vile vyuma na ile risasi, wakaenda kuuza. Malango mengine matatu ya mji yaliishia kubomolewa, mawe yakaenda kujengea vitu vingine. Hili lilipona kwa sababu ya mpangaji wake.

Huyo mpangaji ndiye aliyenikaa moyoni. Aliitwa Simeoni, mmonaki, Mgiriki wa Sisilia. Wanavyosimulia, monasteri ya Sinai ilimtuma Ulaya kufuatilia mchango ulioahidiwa na mtawala wa Normandy. Kufika, mwenye ahadi ameshafariki. (Kamati za harusi hapo mtaani zinajua vizuri uchungu huo.) Akazunguka, akafahamiana na Askofu Mkuu Poppo wa Trier, akafuatana naye hija hadi Yerusalemu kama kiongozi wa njia, wakarudi wote. Kisha akaomba afungiwe ndani ya mnara wa lango hili, atengwe na watu, asali. Akafungiwa kweli. Inasemekana mto ulipofurika, wenyeji walisema huyu mgeni wa mnarani ndiye mchawi, wakaupiga mnara mawe. Alifariki mwaka 1035, na mara watu walewale wakamfanya mtakatifu. Poppo akaligeuza lango kuwa kanisa, na kwa kuwa kanisa halibomolewi, lango likasalimika. Likakaa hivyo mpaka Napoleon alipopita mwaka 1804 akaamuru majengo ya kanisa yaondolewe, lango lirudi kuwa la Warumi.

Nililala nikimfikiria. Mtu wa pwani ya jua, lugha yake haisikiki mtaani, chumba cha juu, anapitishiwa chakula kwa kamba au kwa tundu, na ikinyesha sana mvua analaumiwa yeye. Angalau hakuulizwa namba ya oda. Hapa hotelini kifungua kinywa kiko mezani tayari: mikate ya aina tisa, jibini, nyama baridi, yai la kuchemsha limevishwa kikofia cha sufu lisipate mafua. Yai lina kofia, mimi niliisahau yangu kwenye treni. Tulikula ukumbi mzima, kila mtu na meza yake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ameamkaje. Nikamwaga maji ya moto kwenye kijimfuko cha chai nikawaona nyote mmezunguka lile sufuria, tangawizi inapanda, mihogo ya kukaanga inapita mkono kwa mkono, na mtu anagombana na redio. Msinijibu kwamba siku hizi redio imeharibika. Iacheni hivyo kwenye kichwa changu.

Babu, haya ni yako. Ulitufundisha siasa kwa fimbo, ukituimbisha ujamaa na kujitegemea, na jina la Karl Marx ulilitaja kwa heshima kuliko la mkuu wa wilaya. Basi jua kwamba alizaliwa hapa Trier, mwaka 1818, na udogoni mwake aliishi katika nyumba iliyo hatua chache kutoka Porta Nigra. Chini ya nyumba hiyo kwa miaka kulikuwa na duka la vitu vya yuro moja. Mwaka 2018, alipotimiza miaka 200, China iliupa mji sanamu yake ya shaba. Ukihesabu na kitako chake ni mita tano na nusu, nayo wameisimamisha jirani na lango. Watalii wa Kichina wanapiga naye picha, wanamshika koti.

Halafu wakamweka kwenye taa za barabarani. Sitanii. Kuna kivuko ambapo badala ya yule kijitu wa kawaida, ni mzee Marx na ndevu zake na koti refu: mwekundu kasimama, kijani anatembea. Jana jioni nimetoka kozini, barabara haina hata baiskeli, kushoto hadi upeo, kulia hadi upeo. Tumesimama kundi zima, na mbwa mmoja, tunamsubiri Marx abadilike rangi. Faini ya kuvuka kwenye nyekundu ni yuro 5, lakini si faini inayowashika, ni aibu. Mtoto akikuona, mzazi wake anakukata jicho kama uliyemfundisha wizi. Mimi niliyefunzwa kuvuka barabara ya Chumbageni kati ya daladala na bodaboda, kwa kunyoosha kiganja tu na kumtaja Mungu, nilisimama kimya. Wafanyakazi wote tumesimama, babu, kwa amri yake, hakuna aliyeungana na mwenzake.

Mwezi ujao kuna mwenzetu wa Muheza anakuja likizo, nimempa bahasha yako. Ndani kuna noti ya yuro yenye picha ya Marx, imechapwa vizuri, ina alama za usalama zote. Itazame vizuri kabla hujampa mjukuu akabadilishe mjini: imeandikwa yuro 0. Ni kumbukumbu wanayowauzia watalii. Nimeinunua yuro 3. Wewe ndiye uliyetupigia hesabu za thamani ya ziada ubaoni, kwa hiyo utaona mwenyewe zile tatu zimekwenda kwa nani.