Mcheza Kwao Hutunzwa: Shabiki wa Isinya na Mechi ya Ugenini

Mechi ya ugenini ni ile ambayo timu huicheza katika uwanja wa mpinzani, mbele ya mashabiki wa mpinzani, kwa pete ya mpinzani na katika upepo wa mpinzani. Na ingawa kanuni za mpira wa kikapu zinasema kwamba pete hukaa mita 3.05 kutoka ardhini popote duniani, ni vigumu kumpata shabiki wa timu ya chuo ya Isinya anayeamini kwamba ile ya wapinzani wao wa Kajiado mjini ilipimwa kwa futikamba ileile. Shaka hiyo, ambayo huchipuka siku ya Jumatatu na kukomaa ifikapo Ijumaa usiku, ndiyo inayochunguzwa katika insha hii, kwa kuwa inaeleza machache kuhusu Kajiado na mengi kuhusu Isinya.

Wataalamu wameuita mzizi wa jambo hili faida ya nyumbani, yaani mwelekeo wa mwenyeji kushinda mara nyingi kuliko mgeni. Mwaka 1977 wanasosholojia wawili wa Marekani, Barry Schwartz na Stephen Barsky, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba faida hiyo hujitokeza zaidi katika michezo ya ndani, ukiwemo mpira wa kikapu, na wakaihusisha na kelele za mashabiki. Waswahili walikuwa wamefika huko zamani, bila takwimu, waliposema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Na kutunzwa, kwa wasiojua ngoma, ni kule kubandikwa noti kwenye paji la uso katikati ya uchezaji, jambo ambalo refa hawezi kufanyiwa hadharani lakini ambalo shabiki mgeni huamini limeshafanyika kwa siri. Hata methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone, ambayo nyumbani hutajwa kwa ukarimu, hubadilika maana inapoingia kwenye msimamo wa ligi, maana anayepona ni mwenyeji kweli, na dawa yenyewe ni pointi za mgeni.

Isinya iko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Namanga, kati ya Kitengela na Kajiado mjini, pale inapoungana na barabara itokayo Kiserian. Ni nchi ya tambarare, yenye vibanda vya kukuzia maua, ng'ombe wa Wamaasai na upepo usiokuwa na kizuizi chochote hadi upeo wa macho. Ikumbukwe kwamba James Naismith alipoubuni mchezo huu Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, kwa kutundika vikapu viwili vya pichi kwenye roshani ya ukumbi, lengo lake lilikuwa kuwapa vijana mchezo wa kuchezea ndani ya jengo, mbali na baridi ya nje. Kuuchukua mchezo uliozaliwa kwa kuukimbia upepo na kuupeleka kwenye zege lililo wazi katika tambarare za Athi-Kaputiei ni ushujaa ambao Naismith hakuutarajia. Mfungaji hodari wa huku hailengi pete. Huilenga sehemu ambayo pete ingekuwapo kama upepo ungekuwa umelala. Na ingawa Isinya ina kituo kikubwa cha umeme, kinachoanzia njia ya volti 400,000 iendayo Singida, Tanzania, kupitia Namanga na Arusha, uwanja wa kawaida wa chuo huku hauna hata balbu moja, kwa hiyo mechi iliyopangwa kuanza saa tisa ikaanza saa kumi na moja humalizika kwa kukisia.

Mpinzani wa karibu kama Kajiado mjini huitwa mtani wa jadi. Utani, katika mila za Afrika Mashariki, ni uhusiano unaomruhusu mtu kumtukana mwenzake bila kosa, mradi siku ya msiba awe wa kwanza kufika; na katika soka ya Kenya, pambano la watani Gor Mahia na AFC Leopards huitwa debi ya mashemeji. Kati ya Isinya na Kajiado mjini, kilomita zisizofika 30, ushemeji si tamathali ya usemi. Wapo mashabiki wanaowazomea kaka za wake zao Jumamosi na kuketi nao Jumapili mbele ya sinia moja la nyama choma, ambapo kila anayechukua mbavu huchukua pia maelezo ya kipigo.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba hofu ya shabiki wa Isinya haitokani na lolote alilowahi kutendewa Kajiado. Inatokana na kumbukumbu. Muhula uliopita watani walipokuja, ni yeye aliyewapa mpira wa kupashia misuli uliokosa pumzi na unaodunda kama andazi la juzi. Ni yeye aliyewapangia pete ya magharibi, inayomlazimisha mpigaji kutazamana na jua uso kwa uso. Ni yeye aliyesimama na debe nyuma ya ubao kila mgeni alipopewa mtupo huru, yaani nafasi ya kulenga bila kuzuiwa baada ya kufanyiwa madhambi. Maji ya wageni yalikaa juani tangu asubuhi, kwa bahati mbaya iliyopangwa. Kuhusu pointi, ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao uliotolewa darasani, na mwandishi wake, ambaye alikuwa analala chumba kimoja na nahodha wa wenyeji, aliuelekeza ubao huo upande wa wenyeji, akauzungusha mara moja tu, mechi ilipokwisha. Mtu mwenye historia kama hiyo anapoalikwa kurudisha ziara, usingizi humpitia mbali. Kila hila anayoihofia ameshaifanyia majaribio nyumbani, na anajua inafanya kazi.

Wiki nzima kwa hiyo hutumika kuandaa visingizio, ambavyo ni sababu za kushindwa zinazotayarishwa kabla ya kushindwa kwenyewe ili zisipatikane kwa haraka na kwa ubora hafifu. Mwenye matumaini hujibu kwa neno moja, Bamako, akimaanisha mashindano ya AfroCAN ya mwaka 2019, ambako timu ya taifa ya Kenya, Morans, iliyobeba jina la mashujaa vijana wa Kimaasai, ilifika fainali ugenini kabisa, nchini Mali. Hoja hii ni nzito hapa kuliko kwingineko, kwa kuwa jina hilo ni mali ya nyumbani. Udhaifu wake ni kwamba watani wa Kajiado nao ni wenye jina hilohilo.

Safari yenyewe haistahili maneno mengi, ingawa hula muda mwingi. Mchango wa nauli hutumwa kwa M-Pesa na nusu ya mashabiki, ilhali nusu nyingine huahidi kutuma jioni, bila kutaja jioni ya siku gani. Matatu ya abiria 14 hubeba mashabiki, ngoma, vuvuzela mbili na sufuria ambayo hakuna anayemjua mwenyewe, na kwa kuwa gari la abiria halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, safari ya nusu saa ingetosha, kama shabiki mmoja asingeteremka stejini kununua mahindi ya kuchoma na kuachwa, akarudiwa, akakutwa amekwisha kupanda matatu nyingine iliyotangulia. Husemwa kuwa katika vyuo vya Marekani, kama Duke, wanafunzi hulala kwenye mahema kwa wiki kadhaa wakisubiri kumpokea mpinzani wao North Carolina. Shabiki wa Isinya hana hema, lakini ameshawahi kumsubiri mweka hazina kwa muda unaokaribia huo.

Na wakishafika Kajiado, ndipo msiba halisi unapotokea, kwa kuwa wenyeji huwapokea vizuri. Chai iko tayari, tena ya maziwa. Maji yamekaa kivulini. Mpira wa kupashia misuli una pumzi ya kutosha. Shabiki hodari wa kuchunguza hupanda mabegani mwa mwenzake kuipima pete kwa mkono, akaikuta mahali pake, akashuka na uso wa mtu aliyepoteza jamaa. Mandazi yanakatwa katikati na kunuswa. Kila wema unahesabiwa kuwa hila ambayo Isinya haijaigundua bado, na kufikia saa tisa, wageni wanaona heri wangepewa yale maji ya moto waliyoyazoea. Mwisho shemeji mmoja mwenyeji huja na kipande cha chaki, anaeleza kwa upole kwamba mwandishi wao amefiwa na kwamba wameona ni heshima mgeni ndiye aandike pointi, kisha anamkabidhi. Mgeni huipokea kwa mikono miwili, huutazama ubao kwa muda mrefu, halafu huuzunguka polepole kwenda kuona kuna nini nyuma yake.